Jini wa Cherehani na Posa ya Binti Wetu

Dada zetu na mabibi harusi wa visiwani.

Sisi ni mafundi cherehani watatu, wanawake watupu, tunaoshirikiana duka moja hapa Mpanda mjini, mkoa wa Katavi. Wengine wenu mnatujua kwa magauni na mashela mliyotuagiza kwa simu. Leo hatuleti mitindo. Tunataka kuzungumza nanyi kuhusu majini wanaosingiziwa kuharibu mashine, maana mwaka juzi usingizio wa namna hiyo ulitaka kumkosesha ndoa binti anayejifunza kazi kwetu.

Huku kwetu chombo hakiharibiki hivi hivi. Pikipiki ikizima mara tatu sehemu moja, basi sehemu hiyo ina kitu. Mashine ya kusaga ikikata mkanda siku yenye wateja wengi, jirani ana kijicho. Zamani, kabla ya lami ya kwenda Tabora, basi likikwama porini huko Koga, hakosi abiria mmoja wa kusema dereva kapita bila kuwasalimu wenye pori lao. Na miaka ile yote Mpanda ilipokuwa ikiwashiwa umeme wa majenereta ya dizeli, kabla ya nyaya za gridi ya Taifa kutufikia, taa zikififia jioni na mota ya ovaloki ikanguruma bila kuzunguka, tuliambiwa duka letu lina wageni. Fundi umeme yeye alisema umeme ni mdogo, mota haipati nguvu ya kuzunguka, zimeni kabla haijaungua. Jibu lake halina utamu, ndiyo maana halikusambaa mtaani.

Hata mkoa wetu umebeba jina la mzimu. Katavi ni Katabi, mzimu wa Wabende, na wazee husimulia kuwa makao yake ni kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, ndani ya hifadhi. Wapo mpaka leo wanaoacha sadaka chini ya mti ule, na watalii huonyeshwa. Sisi Waislamu sadaka yetu haiendi kwenye mti, lakini tangu mkoa uanzishwe 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, jina lake tunaliandika kwenye kila risiti ya duka. Tunacheka tu wenyewe.

Msidhani ni sisi Waafrika peke yetu. Marubani wa jeshi la anga la Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, walikuwa na viumbe wao wadogo watundu walioitwa gremlini. Ndege ikiishiwa mafuta, gremlini wameyanywa. Waya ukikatika angani, gremlini kaukata. Aliyewafanya wajulikane sana kwa watoto ni Roald Dahl, na huyu si mgeni kwetu. Mwaka 1938 alikuja Dar es Salaam kufanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell, akajifunza Kiswahili hapa hapa, na vita vilipoanza 1939 akaenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga. Mwezi wa 9, 1940, ndege yake ilianguka jangwani Misri, akaumia vibaya kichwa. Alikuwa anatafuta kiwanja asichokiona, mafuta yanapungua na giza linaingia. Hapo hapakuwa na gremlini yeyote. Lakini kitabu chake cha kwanza cha watoto, kilichotoka 1943, kilikuwa cha hao hao gremlini.

Tulipoisoma habari hii kwenye simu tulibishana sana dukani, na mwisho tukakubaliana kwamba yule gremlini wa marubani alikuwa na faida yake. Rubani akirudi na ndege mbovu, hamtukani fundi aliyekaza skrubu, na fundi naye hamwambii rubani kwamba hajui kurusha. Wote wanamlaumu mdudu asiyeonekana, wanacheka, kesho wanafanya kazi pamoja. Gremlini hana mwenyewe. Jini wetu sisi lazima apatiwe mwenyewe. Mashine ikigoma, swali la kwanza ni la nani. Na akitafutwa huyo mwenye jini, hatafutwi mwanamume mwenye mali. Anatafutwa bibi kizee anayeishi peke yake, mke mdogo, mjane, au msichana asiye na baba. Mikoa yetu hii ya magharibi imezika vikongwe wengi kwa swali hilo la nani, kwa hiyo hatulichukulii kama mzaha.

Sasa tusikilizeni kisa.

Tulinunua cherehani nyeusi ya miguu, ya mkononi, kutoka kwa mama mmoja wa Pemba aliyekuwa amemfuata mumewe kikazi huku Mpanda. Mume alipohamishwa, mama aliuza vitu vyake. Cherehani ilikuwa nzuri, chuma kizito cha zamani, na kipindi cha mvua za masika ilishona vizuri kabisa. Kila Ijumaa kabla ya kufunga tuliitia mafuta ya cherehani kwenye vitundu vyake vya juu, kama tulivyofundishwa chuoni.

Ulipoingia mwezi wa 6, ikaanza kugoma. Asubuhi gurudumu halizunguki. Ukikanyaga pedali, miguu inarudi juu kama umekanyaga jiwe. Ikifika saa 4 inaanza kulainika, na baada ya adhuhuri inakwenda mbio kama haijawahi kuumwa. Kesho yake alfajiri inagoma tena.

Binti aliyekuwa akifungua duka asubuhi ni Mkonongo wa Inyonga, umri wake wakati huo miaka 20, baba yake amefariki, anaishi na shangazi yake karibu na dukani. Akishaswali alfajiri anakuja kufungua, anafagia, anakaa kwenye cherehani ile kushona pindo za sare za shule. Sisi wenye watoto wa kupeleka shule tunafika kwenye saa 4. Kwa hiyo mtu aliyepita asubuhi aliona binti kakaa, mashine imekataa. Aliyepita mchana aliona tumekaa sisi, mashine inakwenda. Jirani mmoja wa biashara alikaa akayapima hayo wiki nzima, mwisho akatuambia, "Mama zangu, hii mashine inamkataa huyu mtoto." Siku ya pili akaongeza kuwa mtoto ana mwenyewe. Siku ya tatu jina likatajwa: jini mahaba.

Nyinyi wa visiwani hamhitaji tuwaeleze jini mahaba ni neno zito kiasi gani kwa msichana aliyeposwa. Linamaanisha ana mume asiyeonekana, atamwonea wivu mume wa kweli, mimba zitaharibika, nyumba haitatulia. Na binti wetu alikuwa ameposwa. Barua ilishajibiwa, mahari ilishakubaliwa, harusi ilipangwa mwezi wa 9. Maneno yalitoka kwenye baraza la jirani, yakapita sokoni, yakafika kwa shangazi wa kijana kabla hata wiki haijaisha. Upande wa kijana ukatuma mtu kusema kwa heshima zote kwamba tusubiri kwanza.

Binti aliacha kula. Tunalisema hili wazi kwa sababu wapo wanaodhani maneno ya barazani hayaumizi mtu. Alikuwa anashika sindano mkono unatetemeka, na akatuuliza kama inawezekana mtu akawa na kitu bila kujijua.

Akaletwa mganga. Hatukumwita sisi, aliletwa na ndugu wa binti kwa nia ya kumsaidia. Akaangalia mashine, akaangalia binti, akataka kuku mweusi, shilingi 150,000, na binti akalale kwake usiku tatu ili jini atolewe. Msichana mchumba wa watu, usiku tatu, nyumbani kwa mwanamume asiye maharimu wake! Tulimwambia shangazi wa binti kwamba mtoto huyu hatoki, na kama kuna mtu wa kugombana naye basi agombane na sisi watatu. Kwa hilo mmoja wetu alinuniwa na mama mkwe wake mwezi mzima.

Tukaenda kwa shehe wa msikiti wa mtaa wetu. Sisi tunaamini majini wapo. Wameumbwa, wametajwa, na sura ya 72 katika Qur'ani ina jina lao. Hatuwezi kukaa hapa tukawaambia kwamba ni hadithi za bibi. Pia hatumcheki mtu anayesomewa ruqya kwa maradhi yake. Shehe alikuja dukani, akasoma Ayatul Kursiyyu, akamsomea binti, halafu akatuuliza, "Fundi mmemwita?"

Tulikuwa bado. Fundi wa kuaminika alikuwa safarini Sumbawanga.

Akatuambia tumsubiri huyo fundi, na katika kusubiri akatupa darsa ambalo tumelihifadhi. Akatukumbusha hadithi iliyomo kwa Abu Daud, ya Sahaba aliyekuwa amepanda mnyama mmoja na Mtume (s.a.w.). Mnyama akajikwaa, yule Sahaba akamlaani shetani. Mtume akamkataza kusema vile, kwa sababu shetani akisikia anatajwa hivyo huvimba kwa majivuno mpaka akawa kama nyumba, akaona ni nguvu zake. Akamwelekeza aseme Bismillah, na hapo shetani hunywea mpaka akawa mdogo kama nzi. Angalieni, mnyama ndiye aliyekuwa gari lao. Chombo kilijikwaa njiani, na Mtume hakukubali shetani apewe sifa ya ajali hiyo.

Akatukumbusha pia habari ya Nabii Sulayman katika Surat Sabaa. Majini pale ni mafundi. Wanamjengea, wanamtengenezea vyombo vikubwa vya kulia na masufuria mazito yasiyoondoka mahali pake. Sulayman akafa akiwa ameegemea fimbo, na wao wakaendelea kufanya kazi ngumu hawajui kwamba bwana wao ameshakufa, mpaka mdudu wa ardhini alipoila fimbo ikavunjika akaanguka. Viumbe wanaoogopwa vile walishindwa kujua jambo lililokuwa mbele ya macho yao, na aliyelifichua ni mdudu mdogo anayekula mti. Mmoja wetu alitikisa kichwa akasema kumbe hata wao wangehitaji fundi.

Wakati wa kumsubiri mzee wa Sumbawanga, mwenzetu mmoja alijaribu jambo. Alikuja yeye alfajiri, akakaa kwenye ile cherehani badala ya binti. Ikagoma. Kesho yake akaja mwingine. Ikagoma. Tukadhani maneno yatakwisha. Jirani akasema basi jini amehamia kwetu sote.

Mzee alirudi siku ya Jumanne. Tulimwomba aje mapema, baridi ikiwa bado kali. Mwezi wa 6 na wa 7 Mpanda si kama Unguja; tuko juu, kiasi cha mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na alfajiri unatoka na khanga mbili na sweta. Mzee akakanyaga pedali, ikakataa. Hakusema kitu. Akaufungua mkanda, akakilaza kichwa cha mashine kwa nyuma, akatia bisibisi kule chini, akatoa kitu kama nta, cheupe chenye uchafu. Akakisugua kwa vidole. Kikayeyuka. Akanusa, akatunusisha mmoja mmoja.

Ilikuwa nazi.

Yule mama wa Pemba, kwa miaka yote, alikuwa anaitia mashine yake mafuta ya nazi. Kwao ilifaa. Nyinyi mnajua, chupa ya mafuta ya nazi huganda kidogo asubuhi za kipupwe, jua likichomoza yanarudi maji. Mafuta yale huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Huku kwetu alfajiri ya mwezi wa 7 ni kiasi cha nyuzi 15, wakati mwingine chini ya hapo. Mafuta yalikuwa yamejaa ndani, yamekamata vumbi na manyoya ya vitambaa, na usiku yanakuwa sabuni ngumu kwenye kila ekseli. Saa 4 bati la duka likipata joto, yanaanza kuyeyuka. Mchana mashine iko huru. Kipindi cha masika usiku hauna baridi kama ile, ndiyo maana haikugoma. Na mafuta yetu ya kila Ijumaa yalikuwa yanapita juu tu, hayafiki kwenye ule utando wa chini.

Mzee aliosha kila sehemu kwa mafuta ya taa, akaacha yalowe, akafuta kwa pamba, akatoa vifundo vya uzi vyenye rangi ambazo hatujawahi kushona, akatia mafuta ya cherehani. Saa 2 hivi za kazi, shilingi 15,000. Kesho yake alfajiri tulikuja wote watatu kumwona binti akikaa. Alisema Bismillah, akakanyaga, mashine ikaenda. Hakufurahi kama tulivyotarajia. Alilia.

Ule mchafu mweupe tuliuweka kwenye kikopo cha vifungo. Jioni, shehe na wawili kati yetu tukaenda nao kwa wazazi wa kijana. Baba yake alitusikiliza vizuri. Kijana mwenyewe ni fundi pikipiki. Akachovya kidole, akanusa, akamwambia baba yake kwamba hata injini ukiitia mafuta yasiyo yake itagoma. Shangazi yake akasema jini anaweza kujificha hata ndani ya mafuta. Shehe akamjibu kwa upole kwamba kumsingizia mwanamke mwema ni deni atakalodaiwa mbele ya Allah, na hakuna mafuta ya kulisafisha isipokuwa kuomba radhi kwa aliyesingiziwa. Shangazi hakuomba. Aliondoka kwenda kuangalia jiko.

Ndoa ilifungwa mwezi wa 12 badala ya wa 9. Alhamdulillah wako vizuri, na sasa wana mtoto wa kiume. Lakini msidhani kila kitu kimerudi mahali pake. Shangazi yule hajawahi kula chakula alichopika binti wetu; akitembelea hubeba chai yake kwenye chupa. Binti naye alituomba asifungue tena duka alfajiri, anakuja saa 3. Na gauni lake la harusi, satini ya rangi ya maziwa na leisi mikononi, alikataa lishonwe kwenye ile cherehani nyeusi. Hatukumlazimisha. Tulishona kwenye nyingine.

Jirani bado ni jirani yetu. Mwezi uliopita friji ya soda yake iliacha kugandisha. Tulinyamaza, ila mmoja wetu alishindwa kujizuia, akamuuliza kama anamshuku nani.

Tumalizie na mabibi harusi, kwa sababu wengi wenu mnapewa cherehani kama zawadi au imo kwenye mahari. Mashine ikiwa ya mkononi, muulizeni aliyeiuza alikuwa anaitia mafuta gani, msione haya. Mafuta ya nazi na ya kupikia yabaki jikoni na kwenye nywele. Mafuta ya cherehani ni mepesi, meupe kama maji, na chupa ndogo inakaa muda mrefu. Kila mkishona kitambaa chenye manyoya fungueni pale panapokaa bobini mfute kwa brashi. Uzi ukiruka, badilisheni sindano kabla ya kubadilisha mtu. Sindano ya namba 14 haifai kwa shifoni, tumieni namba 11, na hakikisheni ubavu wake bapa umekaa upande unaotakiwa na mashine yenu. Lulu na shanga za shela zishoneni kwa mkono, maana sindano ikigonga lulu inavunjika na kipande kinaweza kuruka jichoni. Kwa mashine za umeme, mota ikinguruma bila kuzunguka toeni mguu haraka mchomoe waya. Na mkihamia na cherehani yenu sehemu za baridi kama huku kwetu, Mbeya au Lushoto, ifungueni na kuiosha kwanza kabla hamjapokea kazi ya mtu.